Maziwa ya ngamia, koga ya mchele na moyo wa shemeji yangu

Basi lilivuka daraja la Mto Tana kutoka upande wa Madogo saa kumi na nusu jioni, na jua la Garissa lilikuwa bado kali kana kwamba ni adhuhuri. Kabla sijapangusa vumbi la njia ya Hola dada yangu alikwisha kunivuta kando ya ukuta na kuninong'oneza, "Kaka, umekuja wakati. Shemeji yako ameacha dawa."

Nilijua ni dawa ipi. Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa miaka 58, na soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika Mashariki, analijua kama kiganja cha mkono wake. Miaka miwili iliyopita alishikwa na kifua akiwa kule kule sokoni, jasho likamtoka na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akakimbizwa hospitali na baadaye Nairobi, ambako madaktari waligundua kwamba mmoja wa mishipa inayoulisha moyo damu ulikuwa umeziba. Mungu akamjalia akapona. Akarudi na mfuko wa dawa: ya shinikizo la damu, aspirini, na kidonge kidogo cheupe cha kumezwa usiku, cha kupunguza kolestroli. Hicho kidonge cheupe ndicho alichokiacha, na sasa ulikuwa mwezi wa nne. Sababu yake ilikuwa miguu. Alisema kila anapokimeza mapaja yanamuuma kama aliyebeba magunia.

Msomaji, mimi sikuwa mshauri mwema wa kutumwa kazi hiyo. Ndani ya mkoba wangu kilikuwamo kidonge cha ukoo ule ule. Mimi moyo haujawahi kunishika, lakini nina sukari, na daktari wangu wa Mombasa aliniandikia dawa hiyo mwaka jana ili kuzuia yasije yakanipata. Nami, nikisema kweli, nilikuwa nikiimeza siku mbili na kuiruka ya tatu, kwa kuwa nimesikia mengi barazani. Hivyo tulikuwa wagonjwa wawili wenye mashaka, na aliyetakiwa kumhukumu mwenziwe ni mimi.

Baada ya Isha tulitandikiwa mkeka uani. Ikaletwa chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Mama yake shemeji, bibi aliyepita miaka themanini, alikuwa amekaa kitini akivuta tasbihi. Shemeji akaanza yeye.

"Shemeji, mwangalie mama. Amezaliwa porini, amekulia porini. Maziwa ya ngamia asubuhi, maziwa ya ngamia jioni, na mafuta ya nundu. Hakuna daktari aliyempima hiyo kolestroli. Moyo wake mzima. Sasa mimi nimezwe na dawa ya Wazungu kwa sababu gani?"

Bibi akacheka bila kuacha tasbihi yake.

WACHUNGAJI WALIOPIMWA

Ningependa kusema kwamba nilimjibu pale pale, lakini sikuweza, kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Wenye elimu wenyewe walikwisha kuiuliza zamani. Mwaka wa 1962 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha, kwa lugha ya Kifaransa, uchunguzi wa matabibu waliokwenda kuwapima wahamaji wa Somalia ambao chakula chao kilikuwa maziwa matupu. Wakakuta kolestroli ya watu hao ni ya chini, ingawa mafuta ya maziwa waliyoyanywa kwa siku yangemtisha daktari yeyote wa Ulaya. Miaka hiyo hiyo daktari A. G. Shaper wa Makerere aliwapima Wasamburu wa kaskazini ya Kenya, wanywaji wa maziwa na walaji wa nyama, naye akakuta kolestroli ya chini, na tena shinikizo la damu lao halikupanda kwa kadiri ya umri kama lipandavyo kwa watu wa mijini. Mmarekani George Mann alikwenda kwa Wamasai wa Tanganyika akarudi na habari kama hiyo, naye akawa mpinzani mkali wa wale wanaoshika kwamba mafuta ya chakula ndiyo yanayoua moyo.

Shemeji akaipiga goti yake kwa furaha niliposema hayo. Lakini hadithi hiyo ina mkia, nami niliushika.

Shaper aliwafuata vijana wa Kisamburu walioandikwa jeshini, wakaanza kula chakula cha kambini chenye chumvi nyingi kuliko ya nyumbani. Shinikizo lao likapanda. Na Mann, ambaye mwaka wa 1972 alitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliokwisha kufa, alikuta kwamba kuta za mishipa yao zilikuwa zimeota uchafu wa mafuta kama za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka ikawa mipana, na yeye alidhani ni kwa ajili ya kutembea kwao masafa marefu kila siku. Yaani yule mchungaji hakuwa na dawa ndani ya maziwa. Alikuwa na miguu. Hata Wasomali waliohamia mji wa Rochester, jimbo la Minnesota kule Marekani, walipochunguzwa miaka ya karibuni walionekana wana ugonjwa wa sukari kuliko wenyeji wengine wa mji huo. Damu ni ile ile, maisha yamebadilika.

"Mama alihama na ngamia kwa miguu," nikamwambia. "Wewe unakwenda sokoni kwa gari, unakula pasta mchana, na chai hii umetia vijiko vinne vya sukari. Nimehesabu."

Dada yangu, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Vitano."

KOGA YA KYOTO

Kabla ya kwenda mbele yafaa tujue kolestroli ni nini, maana watu huisema kama jina la shetani. Ni kitu chenye asili ya mafuta, vitabu vingine hukiita lehemu, na mwili hauwezi kuishi bila yake, kwa kuwa ndicho kinachojenga kuta za chembe zote. Sehemu kubwa yake haitoki sahanini. Ini lenyewe huitengeneza, na hufanya kazi hiyo zaidi wakati wa usiku. Inapozidi katika damu, ile ya namna mbaya hupenya kwenye kuta za mishipa na kujikusanya humo kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka siku moja uvimbe ule hupasuka, damu ikaganda juu yake, na mshipa ukafunga. Ukifunga moyoni ni shambulio la moyo. Ukifunga kichwani ni kiharusi.

Dawa hizi, ambazo kwa jumla huitwa statini, zilianzia Japani. Mwanasayansi Akira Endo, mtoto wa wakulima, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo. Aliwaza kwamba ikiwa koga moja ilitupa penisilini, huenda nyingine ina kitu cha kulizuia ini lisitengeneze kolestroli kupita kiasi. Akapima zaidi ya aina 6,000 za koga na kuvu. Mwaka wa 1973 akakipata alichokitafuta, ndani ya koga ya rangi ya buluu na kijani iliyotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto, koga ambayo ni jamaa ya ile ya penisilini. Walipowapa panya haikufanya lolote, na kazi ingetupwa, lakini Endo akawapa kuku wa mayai na kolestroli yao ikashuka.

Hapa jirani mmoja aliyekuwa amejiunga nasi mkekani akauliza swali ambalo msomaji wa pwani naye atauliza: dawa ya koga ni halali? Mimi si mwanachuoni. Nilimjibu ninachokijua, kwamba koga si mnyama, na kwamba aina nyingi za siku hizi hutengenezwa maabara bila koga yoyote. Mwenye shaka ya dawa iliyotiwa ndani ya gamba laini amwulize mfamasia gamba hilo limetokana na nini. Wala kufunga hakuizuii dawa hii, kwani hunywewa mara moja tu kwa siku. Simvastatini hupendeza kumezwa usiku, wakati ini linapofanya kazi, na kwa mfungaji hiyo ni baada ya tarawehe. Atovastatini hukaa mwilini muda mrefu na saa yoyote yafaa.

Mgonjwa mmoja miongoni mwa wa mwanzo kabisa kupewa dawa ya Endo, mwaka wa 1978 mjini Osaka, alikuwa binti wa miaka 18 aliyezaliwa na maradhi ya kolestroli nyingi mno. Kolestroli ilishuka, lakini misuli yake ikalegea. Daktari akapunguza kipimo, na nguvu zikamrudia. Nilipomsomea shemeji habari hiyo alininyoshea kidole. "Waona? Tangu siku ya kwanza!" Nami sikumkanusha. Maumivu ya misuli si uzushi wa barazani, yamo katika historia ya dawa yenyewe. Endo alifariki mwaka wa 2024 akiwa na miaka 90, na dawa yake ya kwanza haikuuzwa kamwe. Ya kwanza kufika madukani ilikuwa lovastatini ya kampuni ya Merck, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1987.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Siku ya pili asubuhi nilifuatana naye sokoni. Mbuzi walikuwa wanalia, madalali wanashikana mikono chini ya kitambaa, na mimi nikaona heri nimpe shemeji habari kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha yake.

Mwaka wa 1994 yalitoka matokeo ya majaribio ya nchi za Skandinavia. Wagonjwa 4,444, wote wamekwisha kushikwa na moyo kama yeye, waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu walipewa simvastatini, na nusu kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Baada ya miaka mitano na kidogo, waliokufa katika wale wasiopewa dawa walikuwa 256. Katika waliopewa walikuwa 182. Ndiyo kusema katika kila watu mia, karibu 12 upande mmoja na wanane upande wa pili.

Akanyamaza, akihesabu. "Wanne katika mia," akasema. "Si wengi."

"Ukiwa mmoja wa wale wanne?"

Hakujibu. Akageuka kumtazama dume la mbuzi ambalo hakuwa na haja nalo.

Kwa upande wangu hesabu ni ndogo zaidi, na uungwana ni kuikiri. Mwaka wa 1995 Waskoti walitoa majaribio ya wanaume 6,595 ambao hawajawahi kushikwa na moyo. Katika miaka kama mitano, waliopatwa walikuwa karibu wanane katika mia bila dawa, na watano na nusu kwa dawa. Faida ipo, lakini watu wengi humeza ili wachache waokoke, na mtu ambaye kolestroli yake imezidi kidogo tu, hana sukari, hana shinikizo, havuti sigara, ana haki ya kumwuliza daktari wake kama kweli anaihitaji. Kwa waliopita miaka 75 ambao moyo haujawahi kuwasumbua ushahidi ni mchache hata sasa. Bibi pale kitini, kwa maoni yangu, aachwe na maziwa yake.

Na hasara? Mwaka wa 2016 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha mizani yake. Ukiwachukua watu 10,000 wakatumia dawa hizi kwa miaka mitano kwa kipimo cha nguvu, wale waliokwisha kuugua moyo wataepushwa na mashambulio na viharusi kama 1,000, na wale wasiowahi kuugua kama 500. Upande wa pili, watu kama 50 mpaka 100 wataingia katika ugonjwa wa sukari ambao huenda wasingeupata, watano mpaka kumi watapatwa na kiharusi cha kuvuja damu, na watano watadhurika misuli kweli kweli. Hao wa mwisho wasipoacha dawa, misuli inaweza kuyeyuka na kuziba figo. Mwaka wa 2001 statini moja, serivastatini ya kampuni ya Bayer, iliondolewa madukani duniani baada ya kuripotiwa vifo 52, hasa kwa waliochanganya na dawa nyingine ya mafuta. Zilizobaki sokoni si kama ile. Hata hivyo mkojo ukibadilika rangi ukawa kama chai ya rangi, na misuli ikauma na kulegea, mtu asingoje kesho. Mwenye mimba hapewi dawa hizi ila kwa shauri la daktari bingwa. Na tahadhari nyingine ni kwetu sisi wapenda matunda: maji ya balungi huzidisha nguvu ya simvastatini na atovastatini mwilini, na baadhi ya dawa za vijidudu hufanya hivyo pia. Mwambie mfamasia kila unachokimeza, habasoda na majani ya dukani yakiwamo. Mchele mwekundu wa Kichina unaouzwa kama dawa ya asili una lovastatini ndani yake, na anayeula juu ya kidonge anameza mara mbili.

"Hao wote ni watu wa baridi," shemeji akasema. "Sisi nani ametupima?"

Ni lalamiko la haki. Waafrika wamekuwa wachache mno katika majaribio haya kwa miaka mingi. Angalau mwaka wa 2023 yalitoka matokeo ya majaribio makubwa kwa watu 7,769 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, katika nchi kumi na mbili, na Uganda ilikuwa mojawapo pamoja na Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe. Waliopewa pitavastatini walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi pungufu kwa thuluthi na zaidi. Ni mwanzo tu.

CHUPA KUMI NA MBILI

Lakini swali la miguu lilikuwa halijajibiwa, na hapa nakumbuka majaribio ambayo mimi mwenyewe yalinitikisa. Mwaka wa 2020 madaktari wa London walitoa matokeo ya majaribio ya watu 60 ambao, kama shemeji, walikuwa wameacha statini kwa sababu ya maumivu. Kila mmoja akapewa chupa kumi na mbili za mwezi mmoja mmoja: nne zina dawa, nne zina vidonge vitupu visivyo na dawa, na nne hazina kitu kabisa. Kila siku waliandika wameumwa kiasi gani. Miezi isiyo na kidonge maumivu yalikuwa alama 8. Miezi ya dawa, alama 16. Na miezi ya vidonge vitupu, alama 15!

Msidhani walikuwa wakisema uongo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ila karibu yote yaliletwa na kule kumeza na kungojea kuumwa, si na dawa iliyomo ndani. Nusu yao, walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, walirudia dawa. Na mwaka wa 2022 uchambuzi wa majaribio mengi ulionyesha kwamba waliolalamika misuli walikuwa 27.1 katika mia kwa wenye dawa, na 26.6 kwa wasio nayo. Watu wa makamo huumwa na miguu, basi.

Shemeji alinuna. "Unasema mimi mwoga?"

"Nasema hata mimi sijui miguu yako inaumwa na nini, na wewe hujui. Twende tukapime."

Tulimkuta daktari kijana, mpole, ambaye hakumgombeza kwa kuacha dawa, jambo ambalo nadhani lilifanya kazi kuliko hotuba zangu zote. Akasikiliza. Akachukua damu ya kupima kama misuli inavuja, na nyingine ya kupima tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo ikizembea huumiza misuli na tena hupandisha kolestroli. Siku iliyofuata majibu yakatoka. Misuli haikuwa na dhara, tezi ilikuwa salama. Kolestroli ilikuwa imepanda tena. Daktari akashauri statini ya aina nyingine, kwa kipimo kidogo, ipandishwe pole pole. Ikishindikana, akasema, zipo dawa za namna nyingine, lakini hii ndiyo yenye ushahidi mrefu.

Shemeji alikubali kwa sharti moja, kwamba ataandika. Kila jioni katika daftari lake la mbuzi angetia alama ya miguu, kutoka sifuri mpaka kumi, na kama baada ya miezi mitatu alama zimezidi, asilaumiwe na mtu. Nikamwambia nami nitaacha kuruka siku. Tukapeana mikono, chini ya kitambaa, kama madalali.

Nimerudi Mombasa sasa wiki ya saba. Juzi dada alinipigia simu akanisomea daftari: wiki ya kwanza alama sita, saba, sita, wiki ya nne tatu, tano, mbili. Jumapili iliyopita kulikuwa na tisa, nikashtuka. Kumbe siku hiyo alitembea kwa miguu kutoka sokoni mpaka nyumbani, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na mama yake alipomwona akiingia uani anachechemea alimwuliza ngamia wake wako wapi.